Moja Tu, kwa Ajili ya Kenelm

Mzee Ben Tromans alitoka nje ya banda la kufulia misumari kama mtu anayekwenda kupunga upepo, lakini binti yake Thirza, aliyebaki kwenye fuawe na nyundo mkononi, alimwona kupitia dirishani. Alikuwa anachuma matufaha ya mwituni kwenye ua wa nyuma. Mwezi wa saba huwa bado ya kijani, hayazidi ukubwa wa jicho la mbuzi, na ugumu wake ni kama wa kokoto. Mzee aliyapima kiganjani moja moja. Lililolegea alilitupa, gumu alilitia mfukoni.

"Baba," Thirza alimwambia aliporudi, "hayo ya nini?"

"Yapi?"

"Mfuko umevimba kama shavu la mwenye jino bovu, halafu unaniuliza yapi."

Mzee alivuta mvukuto, moto ukanguruma, akajifanya hasikii vizuri. Kisha akasema, "Jumapili ni ya Kenelm. Umesahau?"

Angesahauje? Pale Uffnall huwezi kwenda hatua mbili bila kukutana na Kenelm. Kanisa lilikuwa la Kenelm. Kisima kilikuwa cha Kenelm. Kilabu cha Mama Hodgetts kilikuwa na ubao mlangoni, umechorwa mtoto mwenye taji na mashavu mekundu kama mlevi, naye ni Kenelm. Wanaume waliobatizwa jina hilo walikuwa wengi, hata ukiliita kilabuni nusu ya watu waligeuka. Mtu aliyechelewa kurudisha jembe la jirani alisema alikuwa anangoja sikukuu ya Kenelm ipite. Aliyelewa katikati ya juma alisema anamkumbuka Kenelm. Yeye mwenyewe Kenelm, kama wanavyosimulia, alikuwa mfalme mtoto wa miaka saba, zamani mno, aliyepelekwa msituni na mlezi wake akachinjwa, na aliyetoa amri akiwa dada yake. Pale alipofukiwa pakabubujika maji. Basi hayo tu. Mtoto aliuawa, na watu wa Uffnall wakapata sababu ya kila kitu.

Na Jumapili ya sikukuu yake, kasisi akitoka nyumbani kwake kwenda kanisani, watu hujipanga njiani na kumrushia matufaha ya mwituni.

"Baba, safari hii naomba usirushe," alisema Thirza.

"Eti?"

"Usirushe. Jumapili ndiyo tangazo langu la tatu."

Mzee Ben aliweka koleo chini. Habari hiyo aliijua, maana yeye ndiye aliyempa Eli Crumpton ruhusa. Eli alikuwa amepata kazi Wales, kwenye matanuri ya chuma, na nyumba ya mawe juu yake, ila nyumba ile walipewa wenye wake tu. Gari la kiwanda lingepita kuwachukua Jumanne alfajiri. Ndoa haifungwi mpaka itangazwe kanisani Jumapili tatu, na mbili zilikwisha somwa vizuri. Ikisomwa ya tatu, Jumatatu wanafunga ndoa, Jumanne wanapanda gari pamoja. Isiposomwa, Eli anakwenda peke yake, nyumba anapewa mwingine, na kile ambacho Thirza alikuwa amekibeba chini ya aproni kwa miezi minne kitazaliwa hapa bandani, kwenye vumbi la makaa, hakina baba wa kuonyeshwa.

"Tangazo litasomwa," mzee alisema. "Tufaha na tangazo vina uhusiano gani?"

"Kasisi huyu si Mzee Pym, Baba. Huyu mgeni. Mzee Pym alikuwa anavaa kofia ya ngozi, anakimbia huku anacheka, anayaokota na kuturudishia. Huyu utamgonga sikioni, atageuka arudi kwake. Akirudi kwake hakuna ibada. Hakuna ibada, hakuna tangazo."

"Huyo Lavington? Ni kijana mzuri. Atalipenda jambo hili."

"Baba!"

"Haya, haya. Usinitolee macho." Mzee alipapasa mfuko wake kwa huzuni. "Mimi ni baba yako, nitakunyima nini? Nitarusha moja tu. Moja tu, kwa ajili ya Kenelm. Usiporusha kabisa, mwakani miti haizai."

Thirza aliona hiyo ni nusu ya ushindi. Alikuwa mtu wa subira. Msumari haufuliwi kwa pigo moja, alilijua hilo tangu utotoni. Akavua aproni, akaenda kijijini kuwaomba watu, mmoja baada ya mwingine.

Alimkuta Mama Hodgetts anasuuza mapipa ya pombe kwa ajili ya sikukuu, mikono imefunuliwa mpaka mabegani.

"We Thirza," alisema, "umeanza kuringa kabla hata hujavishwa pete? Unatukataza Kenelm?"

"Sikukatazi, Mama. Nakuomba."

"Unajua kwa nini tunarusha? Kasisi wa zamani zile alijua mtoto atachinjwa, akanyamaza. Ndiyo maana makasisi wote wanalipa. Bibi yangu ndivyo alivyoniambia."

"Baba yangu anasema ni kwa ajili ya miti izae."

"Baba yako amepigwa na moto wa tanuri kichwani, usimsikilize." Mama Hodgetts alicheka, kisha akamtazama chini ya kifua, akaacha kucheka. Hakuna jicho lililomzidi huyo mama. "Haya, mwanangu. Nimekuelewa. Kwangu ni moja tu. Tena kwa upole, kama ninavyompa kuku punje."

Kwa karani wa kanisa, Mzee Abel Parkes, Thirza alikwenda akiwa na matumaini zaidi. Abel ndiye aliyekaa chini ya mimbari na kuitikia amina kwa niaba ya kijiji kizima.

"Mimi nirushe?" Abel alishika kifua. "Mimi mtu wa kanisa, binti yangu? Mimi nitakuwa nimesimama barazani namngoja kasisi na kitabu mkononi."

"Ahsante, Mzee Abel. Mungu akubariki."

"Ila sasa," Abel akakuna kidevu, "kitabu nitakishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia utakuwa hauna kazi. Moja tu. Kenelm alikuwa mtoto, na watoto wanapenda kurusha vitu. Ukimnyima hilo, umemnyima nini?"

Ndivyo ilivyokwenda Alhamisi nzima na Ijumaa nzima. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna hata aliyemkaripia. Walimpa kiti, walimpa jibini, walimuuliza Wales ni mbali kiasi gani, na kila mmoja alipomsindikiza mlangoni alimwahidi kwa moyo mweupe kwamba kwa heshima yake hatarusha zaidi ya moja. Thirza alirudi nyumbani akihisi kama mtu aliyekuwa akiteka maji kwa kikapu. Alipomweleza Eli, Eli akasema, "Si wamekubali? Wewe nawe hutosheki."

Ikabaki njia moja, ya kumwonya kasisi mwenyewe. Jumamosi Thirza alivaa kofia yake safi, akaenda kubisha.

Kasisi Lavington alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shingo ndefu kama ya bata, aliyehamia Uffnall wakati wa baridi, sikukuu ya mwaka uliotangulia ikiwa imekwisha pita. Alimfungulia mwenyewe, vidole vimejaa wino.

"Binti Tromans! Ingia, ingia. Kesho ni tangazo lako la tatu, sikusahau. Unajua ninaandika nini? Mahubiri juu ya Kenelm. Nimeyaandika juma zima. Nimefurahi mno kuona watu hapa bado wanampenda mtoto yule. Nilikotoka hakuna anayemkumbuka mtakatifu yeyote."

"Bwana kasisi, ndilo nililokuja kusema. Kesho ukitoka, watu watakurushia matufaha."

Uso wa kasisi ukang'aa. "Matufaha?"

"Ndiyo, bwana. Ya mwituni."

"Njiani? Kila mtu?"

"Kila mtu moja moja, bwana. Nimejaribu kuwaomba, lakini..."

"Usiwaombe! Usiwakataze hata kidogo!" Akaweka kalamu chini, macho yamemlegea. "Kama watu wa Yerusalemu na matawi yao. Wao walikuwa na mitende, ninyi mna mitufaha. Umenipa mwanzo wa mahubiri, binti."

"Bwana, sivyo. Hawaweki chini. Wanarusha. Yanauma."

"Furaha ya watu wa kawaida haina mikono laini," alisema kasisi, naye akaiandika palepale, kwa jinsi ilivyompendeza. Alipomaliza kuiandika alimshukuru, akamfungulia mlango, na kabla Thirza hajapata namna nyingine ya kusema neno moja lilelile, mlango ulikuwa umefungwa. Alibaki amesimama mbele yake akiutazama. Alitaka kuupiga teke. Hakuupiga.

Jumapili kulikucha na jua. Watu walijipanga pande mbili za njia kutoka nyumba ya kasisi mpaka baraza la kanisa, wamevaa nguo zao nzuri, watoto wameinuliwa mabegani. Kijijini walikuwa karibu watu mia mbili, na Thirza, aliyesimama karibu na lango la makaburini na Eli ubavuni pake, ndipo alipoona kosa lake. Alikuwa amewaomba mmoja mmoja, na mmoja mmoja watatimiza ahadi yao.

Kasisi alitoka akiwa na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, kichwa wazi, karatasi za mahubiri kwapani. Alikuwa anatabasamu. Alikunjua mikono kama anayepokea wageni. Mama Hodgetts alirusha la kwanza kwa upole, kweli kama kuku anavyopewa punje, na kasisi akalidaka, akaliinua juu watu walione. Watu wakashangilia. Hapo Thirza akadhani, kwa kitambo kidogo mno, kwamba huenda mambo yakawa mazuri.

La pili lilimpata kwenye paji la uso.

Baada ya hapo hayakuhesabika. Yalimgonga mbavuni, magotini, mgongoni. Mzee Ben Tromans, ambaye mkono wake ulikuwa umeinua nyundo miaka arobaini, alirusha moja tu, na hilo moja lilimchana kasisi sikio. Karatasi zilimtoka kwapani zikatawanyika njiani. Aliinama kuziokota, akapigwa na mengine zaidi, maana kasisi aliyeinama ni shabaha kubwa kuliko aliyesimama. Alipofika karibu na baraza aliinua macho, akamwona karani wake Abel, kitabu mkono wa kushoto, na mkono wa kulia uko nyuma ya bega tayari.

"Hata wewe, Abel?" aliuliza.

Abel alirusha.

Kasisi hakukimbia. Hakupiga kelele. Alisimama akiwatazama kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua, damu inamchuruzika kwenye ukosi. Kisha akageuka, akarudi njia ileile, na watu wakampisha wakidhani ni sehemu ya mchezo. Wakasikia mlango wake unafungwa, kisha komeo.

"Hakukimbia," mtu mmoja alisema, kwa masikitiko.

"Mzee Pym alikuwa anakimbia."

"Labda anabadili viatu."

Walingoja. Kengele ikanyamaza. Walipoona hatoki, mmoja mmoja wakaanza kushuka uwanjani, ambako nyama ya kondoo ilikuwa tayari inaiva, na mpiga zumari ameanza kujaribu pumzi yake.

Thirza alimgeukia mchumba wake.

"Eli," alisema, "umeona?"

"Nimeona."

"Tangazo letu liko wapi sasa?"

Eli alikuwa kijana mpole mwenye mabega mapana, na alipokuwa na kosa masikio yake yalikuwa mekundu. Thirza aliyaona yanawaka.

"Eli Crumpton. Niambie hukurusha."

"Moja tu," alisema Eli, akitazama viatu vyake. "La bahati ya ndoa. Wote walikuwa wananitazama, Thirza. Wangesema Kenelm ataichukia ndoa yetu."

Maneno yakamjia Thirza yote kwa pamoja. "Kenelm! Kenelm amekuambia lini? Alikuja kukugongea mlango? Mtoto wa miaka saba alichinjwa msituni, hakuomba kanisa, hakuomba kilabu, hakuomba tufaha, wala hajui kama wewe uko duniani! Kila mjinga hapa akitaka kufanya lake anamtuma yeye! Nilikwenda nyumba kwa nyumba, Eli. Nyumba kwa nyumba! Nikarudi nikakuambia, ukasema sitosheki!"

"Watu wanatusikia."

"Wasikie!"

Hakuna aliyesikia. Zumari ilikuwa imeshika.

Alimfuata Abel, aliyekuwa amekwisha pata kikombe. "Mzee Abel, ndiyo basi? Nimekwama?"

Abel alifikiri. Ingawa alirusha, sheria za kanisa alizijua. "Asubuhi pasipokuwa na ibada," alisema, "tangazo linafaa kusomwa ibada ya jioni. Lina nguvu ileile. Lakini hiyo jioni inataka kasisi."

"Basi twende ukamwombe radhi. Wewe karani wake."

"Radhi ya nini? Nikiomba radhi nitakuwa nimesema Kenelm amekosea."

Alimwomba Mama Hodgetts, akaambiwa kwamba yeye lake lilidakwa, tena kasisi aliliinua juu kila mtu akaona, kwa hiyo hana deni. Alimwomba baba yake. Mzee Ben aliyekuwa na mdomo uliojaa nyama alisema, kwa kiburi kidogo, kwamba tangu ujana wake hajawahi kulenga vile. Mwingine alisema ataomba radhi kama wote wakiomba. Wote walisema hivyo. Walimwambia anywe kidogo, apumzike, asijikasirishe na hali aliyonayo. Wengi wao walimpenda kwa dhati, na hilo ndilo lililozidi kumkata maini. Adui angemsukuma. Hawa walimpa viti.

Alikwenda peke yake.

Alibisha mpaka viungo vya vidole vikamuuma. Mwisho kasisi alifungua kidogo. Alikuwa ameshika kitambaa chenye siki sikioni, na kanzu yake ilikuwa na madoa ya kijani tupu.

"Kama umekuja kucheka, binti Tromans, umechelewa. Wenzako wamekwisha nicheka."

"Sikuja kucheka, bwana. Nimekuja kuomba usome ibada ya jioni."

"Wasome wenyewe."

"Nitaingia, bwana?"

Alimwachia nafasi, kwa uchovu zaidi kuliko kwa adabu. Mezani karatasi za mahubiri zilikuwa zimetandazwa kukaushwa tope, na pembeni yake kulikuwa na matufaha matatu manne aliyoyatoa kwenye mikunjo ya kanzu.

"Nilikuonya," Thirza alisema. "Nilikuambia yanauma."

"Ulisema." Aliketi. "Najua ulisema. Nilitaka sana isiwe hivyo, basi." Akatazama karatasi. "Tangu wakati wa baridi nasalimia watu hapa, wananijibu, wanakwenda zao. Juma hili nikaona wananitazama, wananong'ona, wanatabasamu. Nikajua sasa wamenipenda."

"Wamekupenda kweli, bwana. Ndiyo shida yenyewe. Hawana chuki hata chembe. Wangekuchukia ningejua la kuwaambia."

Kasisi alicheka kidogo, likamuuma sikio, akaacha.

Thirza akamweleza yote. Hakuwa na jipya la kuficha. Akamwambia Jumanne, gari, nyumba ya mawe, na kilicho chini ya aproni. Kasisi alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Nakuhurumia. Lakini jioni nikienda kama hakuna lililotokea, basi hapa nimekwisha. Waje waombe radhi. Hata mmoja. Mmoja tu aje, aseme nimekosa, na mimi nitakwenda."

"Hawatakuja, bwana. Kila mmoja anaona lake lilikuwa dogo."

"Basi siwezi."

"Nimekuja mimi. Mimi nasema tumekosa. Tusamehe."

"Wewe hukurusha chochote, binti. Nilikuona pale langoni, mikono mitupu. Siwezi kumsamehe asiyekosa. Huo ungekuwa mchezo mwingine, na michezo ya leo imenitosha."

Thirza alimtazama. Alifikiria tangu Alhamisi mpaka leo, na viti, na jibini, na masikio mekundu ya Eli, na mlango ule uliofungwa jana usoni pake. Mkono ulikwenda mezani kabla yeye hajaamua. Alilichukua tufaha moja, gumu, akamrushia kasisi kifuani kwa nguvu zake zote, na nguvu za mfua misumari si haba. Lilitoa sauti kama mtu anayebisha hodi. Kasisi alirudi nyuma, kiti na yeye.

"Sasa nimerusha," alisema Thirza. "Nimemrushia mtu wa Mungu ndani ya nyumba yake, hata si njiani, wala si kwa ajili ya Kenelm. Ni kwa hasira zangu mwenyewe. Nimekosa. Nisamehe, halafu twende ukasome."

Kasisi alipapasa kifua. Alimtazama yeye, akalitazama tufaha sakafuni, akamtazama tena.

"Una toba?" aliuliza.

"Toba nitakuwa nayo jioni, bwana. Sasa hivi nina hasira tu."

Kasisi aliinuka, akainua kiti. "Wewe ndiye mtu wa kwanza leo aliyesema amerusha kwa jina lake," alisema. "Nimekusamehe. Kapige kengele, Abel atakuwa hajiwezi. Lakini njia ile sipiti."

Kulikuwa na mlango mdogo upande wa kaskazini wa kanisa, ulioziba kwa majani na utando wa buibui. Thirza na Eli waliufungua kwa nyundo na patasi. Eli alifanya kazi bila kusema neno, na kila mara alipotaka kusema, Thirza alimpa patasi. Kasisi aliingilia humo saa ya ibada, kanzu yake ya pili ikiwa na mikono mifupi, sikio limefungwa.

Waliokuwa ndani ni wachache. Wazee wawili wasiopenda makelele, mwanamke mwenye mtoto mgonjwa, Mzee Ben aliyesinzia, na Abel ambaye alishikilia kiti chake kama mtu aliye kwenye gari linalokwenda kasi. Kutoka uwanjani zilikuja sauti za watu wanaoshangilia mieleka. Thirza alikaa kiti cha mbele, mikono amekunja, kucha zimemchoma viganjani. Alimsikiliza kasisi anasoma zaburi. Alimsikiliza anasoma somo la kwanza, na la pili. Kisha kasisi akafunua kitabu kingine.

"Natangaza ndoa ya Eli Crumpton, kijana wa parokia hii, na Thirza Tromans, msichana wa parokia hii. Mtu yeyote akijua sababu ya kuwazuia wawili hawa, aseme sasa. Hii ni mara ya tatu."

Abel alifungua mdomo. Thirza aligeuka akamtazama kwa jicho ambalo Mama Hodgetts mwenyewe angeliogopa. Abel akasema, "Amina," mahali pasipostahili amina, akaufunga.

Kasisi akageuza ukurasa. Ikawa imekwisha. Thirza alitarajia kulia, lakini machozi hayakuja, akabaki anahisi uchovu wa mtu aliyebeba gogo hadi nyumbani na kukuta wenye nyumba wote walikuwa wamekaa. Halafu kasisi akapanda mimbarini akahubiri mahubiri yake ya Kenelm, yote, na tope lake. Yale ya mitende aliyaruka.

Walifunga ndoa Jumatatu asubuhi, na Jumanne alfajiri gari lilisimama mbele ya kilabu. Kijiji kizima kilitoka kuwaaga, vichwa bado vinauma. Mama Hodgetts alikuwa amemshika mwenye gari kwa mkono, anamsimulia.

"Tangazo lao lilikwama, unaona, halafu likasomwa jioni ya sikukuu yenyewe! Hilo halijapata kutokea. Ni Kenelm mwenyewe kawaoza hawa. Binti yangu mdogo keshasema, naye tangazo lake la tatu litasomwa jioni ya Kenelm, wala hataki siku nyingine."

"Na kasisi apigwe kwanza," alisema Mzee Ben, "maana ndivyo ilivyoanza."

"Lazima apigwe. Bila hivyo haishiki."

Watu wakaitikia kwamba haishiki. Walikuwa wanaitikia kama jambo la zamani za mababu.

Thirza, aliyekuwa amekwisha panda na kukaa juu ya sanduku lake, aligeuka. "Aliyenioza ni mimi," alisema kwa sauti. "Mnasikia? Mimi. Kwa miguu yangu na mdomo wangu. Kenelm hakuwepo!"

Wakacheka sana. Walidhani ni maneno ya bibi harusi. Baba yake alimpungia kofia, macho yamejaa maji, akamwambia kwamba amekuwa mtani tangu mdogo.

Thirza alifungua mdomo tena, akaona nyuso zao, zote nzuri, zote zinampenda, hakuna hata moja iliyosikia. Akamgeukia mwenye gari.

"Twende," alimwambia. "Tafadhali, twende sasa hivi."